Saa Nane za Angani, Siku Nzima ya Safari

Neno "saa" lina mtego ndani yake. Mtu akisema, "Ndege ya Brussels ni saa nane," msikilizaji mmoja ataelewa kwamba ndege itaondoka saa nane, na mwingine ataelewa kwamba safari yenyewe huchukua muda wa saa nane. Wote wawili wamesikia maneno yale yale, wala hakuna aliyekosea Kiswahili. Lakini mmoja wao huenda akafika kiwanjani na kukuta ndege imekwisha kuruka.

Kwa watu wa Kanama, katika wilaya ya Rubavu, jambo hili si mchezo wa maneno. Kuna familia ambazo mtoto amepata nafasi ya masomo Ulaya, nyingine zina ndugu aliyehamia Ubelgiji miaka mingi iliyopita, na nyingine zina baba au mama aliye askari, ambaye huitwa kazini nje ya nchi. Tiketi ya ndege hununuliwa kwa akiba ya muda mrefu. Pengine ng'ombe ameuzwa, pengine viazi vya msimu mzima vimepelekwa soko la Mahoko. Abiria anayechelewa aghalabu hupoteza nauli yote au sehemu kubwa ya nauli hiyo, na hupoteza pia siku aliyotakiwa kuripoti chuoni, hospitalini au kwenye mazishi. Kwa hiyo ni vyema kila nyumba ijue kuhesabu masafa ya ndege na muda wake, na zaidi ya hayo ijue kuhesabu yale ambayo hayakuandikwa kwenye tiketi.

MASAFA YA NDEGE HUPIMWAJE?

Barabara hufuata mabonde na kuzunguka milima. Ndege haina sababu hiyo. Ndiyo maana masafa kati ya viwanja viwili vya ndege hupimwa kwa mstari ulio mfupi kuliko yote, na wala si kwa urefu wa barabara.

Mfano ulio karibu ni Gisenyi na Kigali. Kwa barabara ya lami inayopitia Musanze, safari hiyo ni kama kilomita 157. Lakini kutoka kiwanja kidogo cha ndege cha Gisenyi hadi kiwanja cha Kanombe, Kigali, mstari wa moja kwa moja hauzidi sana kilomita 103. Zaidi ya kilomita 50 zilizobaki ni kona na miteremko ya nchi yenye vilima vingi.

Mfano wa pili unashangaza zaidi. Kiwanja cha Gisenyi na kiwanja cha Goma, ng'ambo ya mpaka, vimeachana kwa kama kilomita mbili na nusu tu. Ni masafa ambayo mtu mzima huyatembea kwa nusu saa. Hata hivyo kimoja kiko Rwanda na kingine kiko Kongo. Katikati pana mpaka, hati na ukaguzi, na kiwanja cha Goma chenyewe kilifungwa na mapigano ya Januari 2025. Hivyo msomaji ataona mapema kwamba masafa mafupi hayana maana ya muda mfupi. Hilo ndilo somo la makala haya yote.

Sasa tutoke kwenye viwanja vya jirani twende kwenye vile vya mbali. Dunia ni mviringo, na ramani ya ukutani imeitandaza kama mkeka. Kwa sababu hiyo ramani hudanganya macho. Anayetaka kuona njia ya kweli ya ndege na achukue tufe la shuleni pamoja na uzi. Ashike ncha moja ya uzi juu ya Kigali, anyooshe ncha ya pili hadi Brussels, kisha auvute ukaze. Pale uzi unapolala ndipo penye njia fupi kuliko zote.

Hesabu yake si ngumu. Digrii moja ya latitudo, kwenda kaskazini au kusini, ni kama kilomita 111. Kigali iko karibu digrii 2 kusini mwa Ikweta, na Brussels iko karibu digrii 51 kaskazini. Jumla ni digrii 53. Zidisha kwa 111, utapata kilomita 5,883. Lakini Brussels pia iko magharibi zaidi kuliko Kigali, na mwelekeo huo wa ubavuni huongeza masafa. Mstari kamili kati ya viwanja hivyo viwili ni kama kilomita 6,350.

Uzi huo, ukiufuata kwa kidole, hupita juu ya pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, mashariki ya Kongo, Sudan Kusini, sehemu za mpaka wa Chad na Sudan, Libya, bahari ya Mediterania na Italia, kabla ya kushuka Ubelgiji. Majina hayo yafaa yakumbukwe, kwa kuwa tutayarudia.

KUTOKA KILOMITA KWENDA SAA

Ndege kubwa za abiria huruka kwa mwendo wa kilomita 850 hadi 900 kwa saa zinapokuwa juu, kwenye kimo cha mita 10,000 hadi 12,000. Lakini haziendi mwendo huo tangu zinapoacha ardhi. Hupanda taratibu na kushuka taratibu. Kwa hiyo yapo makisio mepesi ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuyafanya: gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa.

Tuyajaribu kwa safari fupi. Kutoka Kigali hadi Nairobi ni kama kilomita 760 za angani. Ukigawanya kwa 850 utapata dakika 54. Ongeza nusu saa, jumla ni saa moja na dakika 24. Hayo hayatofautiani sana na muda unaotangazwa kwa abiria. Kwa Brussels, kilomita 6,350 zikigawanywa kwa 850 ni muda wa karibu saa saba na nusu. Ongeza nusu saa, unapata muda wa saa nane. Hiyo ndiyo "saa nane" iliyotajwa mwanzoni.

Lakini muda unaoandikwa kwenye ratiba huwa mrefu kidogo kuliko muda wa kuwa angani. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama mahali pa kuegeshwa huko iendako. Ndani yake mna dakika za kutambaa ardhini, kungoja zamu ya kuruka, na kuzunguka juu ya kiwanja chenye msongamano. Ndiyo sababu familia isishangae kuona safari ya muda wa saa nane imeandikwa kuwa ni saa nane na robo au zaidi.

Upepo nao una neno lake. Huko juu, hasa katika nusu ya kaskazini ya dunia, pana mito ya upepo mkali ivumayo kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayotoka New York kwenda London husukumwa na upepo huo na hutumia muda wa kama saa saba. Inaporudi hupambana nao, na safari huwa ndefu kwa karibu saa nzima. Safari ya Kigali na Brussels huelekea zaidi kaskazini na kusini, kwa hiyo tofauti ya kwenda na kurudi si kubwa kiasi hicho, ingawa haikosekani.

Pia kuna jambo la kimo cha kiwanja. Kanombe iko karibu mita 1,490 juu ya usawa wa bahari. Kiwanja cha Brussels hakifiki hata mita 100. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kunyanyua, na injini nazo huvuta hewa kidogo zaidi. Ndege iliyojaa abiria, mizigo na mafuta ya safari ya mbali hutaka njia ndefu ya kurukia, tena hutaka uzito uhesabiwe kwa makini. Abiria anapoambiwa kwamba mzigo wake umezidi kilo, yafaa afahamu kwamba uzito ndani ya ndege hupimwa pia kwa ajili ya usalama wake.

SIKU 51 ZILIVYOGEUKA USIKU MMOJA

Wale wanaonung'unika kwa muda wa saa nane wakiwa wameketi kitini, na wasikie habari za mwaka 1925. Tarehe 12 Februari mwaka huo rubani Mbelgiji, Edmond Thieffry, aliondoka Brussels pamoja na wenzake wawili wakielekea Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Walitumaini kufika kwa muda wa wiki moja. Walifika tarehe 3 Aprili, baada ya siku 51. Hata hivyo, katika siku zote hizo ndege yao ilikuwa angani kwa jumla ya muda wa saa 75 hivi tu. Siku zilizobaki zililiwa na matengenezo, hali ya hewa mbaya, na kungoja vipuri.

Kisa hicho chafundisha jambo ambalo bado ni kweli hata sasa: muda wa kuwa angani ni kitu kimoja, na muda wa safari ni kitu kingine. Thieffry mwenyewe hakuishi kuziona ndege za abiria zikifuata njia yake. Alifariki mwaka 1929 katika ajali ya ndege karibu na Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1935 shirika la Sabena lilituma ndege ya kwanza ya safari za kawaida kwenda Kongo. Iliondoka Brussels tarehe 23 Februari na kufika Léopoldville baada ya siku tano na nusu, ikitua mahali pengi njiani. Zilipokuja ndege za jeti kuanzia mwaka 1960, siku ziligeuka kuwa saa. Sabena ilifilisika Novemba 2001. Julai 2017 shirika la Rwanda, RwandAir, lilianza safari zake za Brussels kwa ndege kubwa za aina ya Airbus A330. Hivyo katika muda usiofika miaka mia moja, majuma saba yalikuwa yamegeuka kuwa usiku mmoja.

MSTARI UNAPOPINDA

Yote yaliyosemwa hadi hapa yamechukua kwamba ndege hufuata mstari ulionyooka. Lakini anga lina wenyewe. Kila nchi ina mamlaka juu ya anga lake, na rubani hupita kwa ruhusa. Ruhusa inapoondolewa, uzi wa kwenye tufe hupinda.

Wasomaji watakumbuka majina ya nchi tulizozitaja. Aprili 2023, vita vilipozuka Sudan, anga la nchi hiyo lilifungwa kwa ndege za abiria, na mashirika mengi yakalazimika kuzunguka. Februari 2025 Kongo ilizuia ndege zilizosajiliwa Rwanda kupita katika anga lake, na RwandAir ikatangaza kwamba itabadili njia za baadhi ya safari zake. Ukiangalia tufe utaona mara moja maana yake: ndege inayotoka Kigali kwenda Ulaya bila kupita Kongo hulazimika kukaa upande wa mashariki kwanza, ndipo ikate kwenda kaskazini. Kilomita huongezeka, mafuta huongezeka, na muda nao huongezeka. Viwanja havikuhama hata hatua moja, lakini safari kati yake imekuwa ndefu zaidi.

Kuna pia mpindo ambao abiria huuchagua mwenyewe kwa kutafuta nauli nafuu. Si kila tiketi ya Brussels ni ya ndege isiyotua njiani. Anayepitia Addis Ababa huruka kama kilomita 1,550 kwanza, kisha 5,620, jumla yake karibu 7,170. Anayepitia Doha huruka kama kilomita 3,810, kisha 4,890, jumla yake 8,700. Hiyo ni zaidi ya kilomita 2,300 juu ya mstari ulionyooka. Pamoja na hayo, kuna kungoja ndege ya pili, muda ambao huweza kuwa wa saa mbili au wa usiku kucha. Nauli nafuu si jambo baya. Lakini kabla ya kulipa, abiria na aulize maswali matatu: Je, ndege hutua wapi njiani? Je, mtu hubadili ndege, au hukaa kitini? Je, atangoja kwa muda gani?

SAA YA TIKETI NA SAA YA NYUMBANI

Hapa ndipo panapopoteza watu wengi. Tiketi hutumia saa za namba 24, ambazo siku yake huanza usiku wa manane. Nyumbani, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda pia, siku huanza jua linapochomoza. Saa mbili asubuhi ya nyumbani ni 08:00 ya tiketi; saa mbili usiku ni 20:00.

Tuchukue mfano wa kubuni wa familia ya askari polisi. Tiketi ya kijana wao imeandikwa tarehe 15, saa 02:30. Mama anaitazama na kusema, "Baba watoto, ni saa mbili na nusu, tarehe kumi na tano. Tutaondoka hapa tarehe kumi na nne jioni, tulale Kigali, asubuhi tumsindikize."

Mumewe, ambaye kazini kwake huandika saa za namba 24 kila siku katika kitabu cha zamu, anatikisa kichwa. "La, mama watoto. Hiyo si saa mbili na nusu ya asubuhi. Ni saa nane na nusu ya usiku, usiku uleule wa kuamkia tarehe kumi na tano. Tukilala Kigali, tutaamka ndege iko Ulaya. Tarehe kumi na nne jioni lazima awe amekwisha kufika kiwanjani."

Kijana angeponea chupuchupu. Askari na polisi wamezoea saa hizo, kwa hiyo ni wajibu wao kuzifundisha nyumbani. Kanuni yake ni fupi: kwa saa za asubuhi na mchana, ondoa 6 kwenye saa ya tiketi, 14:00 ni saa nane mchana. Kwa saa za jioni na usiku, kuanzia 19:00, ondoa 18. 22:00 ni saa nne usiku. Kwa zile zilizo baada ya usiku wa manane hadi alfajiri, ongeza 6. 02:30 ni saa nane na nusu usiku, na tarehe iliyoandikwa imeanza tangu usiku wa manane.

Kuhusu ule mtego wa neno "saa", dawa yake ni kusema kwa ukamilifu. Wapo wasemao "masaa manane" ili kutofautisha, lakini walimu wa lugha hawaipendi kauli hiyo. Heri kusema "muda wa saa nane" kwa urefu wa safari, na "saa nane mchana" au "saa nane usiku" kwa wakati wa kuondoka. Neno moja la nyongeza linaokoa nauli.

Tena kuna tofauti ya saa za nchi. Rwanda haibadilishi saa zake mwaka mzima. Ubelgiji hubadilisha: Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa ya Kanama na ya Brussels ni moja. Miezi mingine Brussels iko nyuma kwa saa moja. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ziko mbele ya Kigali kwa saa moja daima. Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mahali husika: wa kuondoka ni wa Kigali, wa kufika ni wa huko uendako. Anayetoa moja kwa nyingine bila kujali tofauti hiyo atapata jibu lisilo sahihi.

HESABU YA KUTOKA MLANGONI

Sasa tuweke yote pamoja. Tuseme ndege inaondoka Kanombe saa 20:00, yaani saa mbili usiku, na abiria anatoka Kanama. Mashirika huwashauri abiria wa safari za mbali wafike kiwanjani muda wa saa tatu kabla. Kwa hiyo inafaa awe amefika Kanombe saa kumi na moja jioni.

Kutoka Mahoko hadi Kigali ni kama kilomita 140. Basi huchukua muda wa saa tatu au tatu na nusu barabara ikiwa njema, nje ya kulingoja. Linamshusha Nyabugogo, na kutoka hapo hadi Kanombe bado kuna karibu kilomita 12 za mji wenye msongamano. Mtu mwenye haraka atasema, "Nikitoka saa sita mchana nitafika." Pengine atafika. Lakini barabara ile hupita katika milima ambako mvua kubwa huleta maporomoko ya udongo. Watu wa Kanama hawahitaji kukumbushwa usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika na kuharibu nyumba na mali, na barabara kadhaa za magharibi na kaskazini zikakatika. Si kila mvua huwa kama ile, lakini lori moja likikwama kwenye kona latosha kumgharimu abiria safari yake.

Kwa hiyo mwenye busara ataondoka nyumbani saa tatu asubuhi, na katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, afadhali alale Kigali usiku wa kabla.

Tuhesabu basi. Ameondoka mlangoni saa tatu asubuhi. Ndege imeondoka saa mbili usiku: muda wa saa 11 umekwisha kupita, naye hajatoka bado Rwanda. Amekuwa ndani ya ndege muda wa saa nane na robo. Akifika Brussels atapanga foleni ya ukaguzi wa pasipoti na kungoja mizigo, tuseme muda wa saa moja na nusu. Jumla ni muda wa saa 20 na dakika 45. Kwa maneno mengine, kilomita 152 za ardhini pamoja na kungoja zimekula muda mrefu kuliko kilomita 6,350 za angani. Asiyelijua hili huilaumu ndege, kumbe ndege ndiyo iliyokwenda mbio kuliko wote.

Familia nazo zikumbuke kwamba kiwanja kikubwa cha ndege kimekuwa kikijengwa Bugesera tangu mwaka 2017. Safari za kimataifa zitakapohamia huko, hesabu ya Nyabugogo na Kanombe itabidi ifanywe upya, kwa kuwa Bugesera iko mbali zaidi na mji.

KWA WALIOBAKI NYUMBANI

Hesabu hii haimfai msafiri peke yake. Aliyebaki nyumbani ndiye anayekaa na simu mkononi. Majeshi na polisi wa Rwanda wamehudumu Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati na kwingineko, na kila zamu inapobadilishwa kuna nyumba ambazo hazilali.

Kutoka Kigali hadi Juba ni kama kilomita 780. Kwa makisio yetu, ni muda wa saa moja na dakika 25. Hadi Bangui ni kama kilomita 1,470, yaani muda wa saa mbili na robo hivi. Mama anayejua hesabu hiyo huanza kutazama simu baada ya muda huo, na simu isipolia moyo huanza kwenda mbio. Lakini ndege za kubeba vikosi hazifuati ratiba za abiria wa kawaida. Huweza kungoja mizigo, kuruka njia nyingine, au kutua mahali pengine kwanza. Baada ya kutua kuna kuhesabiwa, kupanga mizigo na kupelekwa kambini, na pengine simu haina mtandao wa nchi ile. Kwa sababu hiyo, muda wa saa mbili za angani wapasa kuhesabiwa kama siku nzima ya kimya. Kimya cha siku moja si habari mbaya.

Wakati wa kupigiana simu, saa nazo zikumbukwe. Bangui iko nyuma ya Kigali kwa saa moja. Juba ina saa sawa na Kigali tangu tarehe 1 Februari 2021. Kabla ya hapo ilikuwa mbele kwa saa moja, na wapo wazee wa kazi ambao bado huongeza saa ile kwa mazoea. Askari akiwa Bangui akisema atapiga saa moja jioni, nyumbani Kanama itakuwa saa mbili usiku. Watoto waliotaka kusikia sauti ya baba yao wasilazwe mapema kwa sababu ya hesabu iliyokosewa.

Yafaa kila nyumba yenye msafiri iandike karatasi moja na kuibandika ukutani, penye mwanga, ambapo hata mtoto ataisoma. Iandikwe tarehe na saa ya kuondoka kwa saa za tiketi, na chini yake kwa saa za nyumbani. Iandikwe saa ya kutoka mlangoni, na saa ya mwisho ya kuwa kiwanjani. Iandikwe kila mahali ndege itakapotua na muda wa kungoja hapo. Mwisho iandikwe saa ya kufika, kwa saa za huko na kwa saa za Kanama, na saa ambayo simu inatazamiwa, ikiwa imeongezwa muda wa kutosha. Kazi hiyo haizidi robo saa. Kisha karatasi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya wote, na kila "saa" itajwe pamoja na wakati wake: asubuhi, mchana, jioni au usiku.